Mwanachama Akichukuliwa: Mwongozo kwa Tawi la Chama na Familia

Mwongozo huu ni wa katibu wa tawi ambaye simu yake italia usiku na kuambiwa kwamba mwenyekiti wa vijana ameshushwa kwenye basi na watu waliovaa kiraia. Ni wa mke, mama au kaka anayezunguka vituo vitatu vya polisi na kila kaunta anajibiwa, "Hapa hayupo." Nimeuandika kwa kufuata mwendo wa mambo Tanzania Bara, ila nitavuka mpaka kwenda Kenya na Uganda pale sheria na kesi za huko zinapotufundisha kitu. Wazanzibari wakumbuke kwamba wana Mahakama Kuu yao na sheria zao za mwenendo. Hatua ni zile zile, milango ni mingine.

Vyama vya upinzani vimezungumza sana kuhusu sheria zinazowapa kinga maofisa wa dola, na vina haki ya kuzungumza. Lakini nimeona kwamba kesi nyingi hufa kabla hazijafika kwenye hiyo kinga. Zinakufa kwa sababu hakuna aliyeandika namba ya gari, hakuna aliyedai namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi, hakuna aliyekwenda hospitali siku ile ile, na kiapo kilichopelekwa mahakamani kilijaa maneno ya "tuliambiwa". Hizo ndizo kazi zilizo mikononi mwenu, na ndizo nitakazozieleza.

Kwanza, ijueni kinga yenyewe

Watu husema "hao hawashitakiki" kana kwamba ni jambo moja. Ni mambo manne, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni kinga ya viongozi wakuu. Ibara ya 46 ya Katiba ya Tanzania inamzuia mtu yeyote kumfungulia Rais mashtaka ya jinai akiwa madarakani, na inamlinda hata baada ya kuondoka kwa mambo aliyoyafanya kama Rais. Marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yaliongeza kwamba mashauri yanayowahusu Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika, Naibu Spika na Jaji Mkuu yaelekezwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, si kwa wao wenyewe. Kwa tawi lenu hili si kikwazo kikubwa. Aliyemburuta mtu wenu kwenye gari si Spika.

La pili ndilo linalouma: kinga ya "nia njema". Sheria nyingi za vyombo vya dola zina kifungu kinachosema ofisa hatawajibika kwa jambo alilolifanya kwa nia njema katika kutekeleza kazi yake. Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ilikuwa nacho tangu 1996, na marekebisho ya 2023 yalipopita bungeni, upinzani na watetezi wa haki waliyapinga hasa kwa sababu ya kinga hiyo. Someni kifungu cha namna hii kwa makini, maana kina masharti mawili ndani yake: nia iwe njema, na jambo liwe ndani ya kazi. Anayeficha namba za gari, anayekana kwenye kaunta kwamba hamjui mtu aliye mahabusu kwake, anayempiga mtu aliyekwisha kufungwa pingu, anatoka nje ya masharti yote mawili. Ila mahakama haitaliona hilo kwa hasira zenu. Italiona kwa ushahidi kwamba alificha, alikana, alipiga.

La tatu ni vikwazo vya utaratibu: notisi ya siku 90 kabla ya kuidai Serikali fidia mahakamani, na lile sharti la 2020 kwamba mwombaji aape ameathirika vipi yeye binafsi. Sharti hili la mwisho limepingwa mahakamani, hivyo mwulizeni wakili hali yake siku mnayofungua shauri. Vyovyote iwavyo, andikeni viapo vyenu kama vile sharti bado lipo. Mke, mzazi au mtoto wa aliyechukuliwa awe miongoni mwa waombaji, si chama peke yake.

La nne ni uamuzi wa kushitaki. Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye mwenye ufunguo wa kesi za jinai, na Tanzania anaweza kuiondoa kesi mahakamani kwa hati yake bila kulazimika kumwomba hakimu ruhusa. Kenya, ibara ya 157 ya Katiba ya 2010 inamtaka aombe ruhusa ya mahakama. Tofauti hiyo ni kubwa, na ni jambo la kupigania kwenye katiba mpya, lakini usiku wa leo halitusaidii.

Kinga mbaya kuliko zote katika eneo letu ni ile inayotolewa baada ya tukio. Kenya ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1970: ilifunga milango ya mahakama kwa madai yaliyotokana na vitendo vya maofisa wa serikali na wanajeshi kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, wakati wa vita vya Shifta, uasi wa Wasomali wa huko waliotaka kujitenga. Familia za huko ziliachwa na makaburi bila mahali pa kuyapeleka malalamiko. Uganda, kwa upande wake, ilitunga mwaka 2019 sheria ya utekelezaji wa haki za binadamu inayosema ofisa aliyekiuka haki anawajibika yeye binafsi hata kama Serikali nayo inawajibika, na kwamba kinga si utetezi. Kama chama chenu kinaandaa muswada binafsi au ilani, anzieni hapo. Kuitunga sheria hiyo hakukuzuia raia wa Uganda kupelekwa mahakama za kijeshi, jambo ambalo Mahakama ya Juu ililizuia Januari 2025 kabla ya Bunge kulirudisha kwa sheria mwaka huo huo, ila imewapa mawakili wa huko kifungu cha kusimamia.

Kabla ya tukio: karatasi moja ya kila kiongozi

Kila kiongozi wa tawi na kila mgombea aandike karatasi moja na kuiacha kwa watu wawili anaowaamini, mmoja nje ya chama. Iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba za simu zote, dawa anazotumia na ugonjwa alionao, jina la wakili wake, ndugu wa kupigiwa simu, na wadhamini wawili walio tayari. Wadhamini wawe na barua ya serikali ya mtaa iliyo hai. Nimeona mtu analala mahabusu Ijumaa hadi Jumatatu kwa sababu mwenyekiti wa mtaa alisafiri na mhuri wake.

Msiitume karatasi hiyo kwenye kundi la WhatsApp la tawi. Kundi lenye watu 200 lina masikio ambayo hamyajui.

Wakili naye atafutwe sasa. Awe na sahihi ya mteja kwenye hati ya kumpa kazi, ili asije akaambiwa kituoni, "Nani kakutuma?"

Saa ya kwanza: daftari

Mtu mmoja apewe kazi ya kuandika, na asifanye kingine. Wengine wapige simu, wengine waende kituoni, yeye aandike. Daftari la karatasi, kalamu ya wino, kurasa zenye namba, bila kuchana ukurasa. Kila mstari uanze na tarehe na saa.

Kuhusu saa, kuna mtego. Sisi tunasema saa 2 usiku, kitabu cha polisi kinaandika 20:00. Shahidi mmoja akisema "saa mbili" na mwingine "saa ishirini", wakili wa upande wa pili atawauliza mpaka wachanganyikiwe. Andikeni zote mbili: saa 2:15 usiku, yaani 20:15.

Mwandishi awaulize mashuhuda mmoja mmoja, wakiwa mbali na wenzao, kabla hawajaanza kusimuliana. Maswali ni haya: ulikuwa umesimama wapi, na mwanga ulitoka wapi? Gari aina gani, rangi gani, namba ya usajili, na kama haikuwepo, sema haikuwepo. Walikuwa wangapi, walivaa nini, nani alishika silaha na silaha gani? Walisema maneno gani hasa? Walionyesha kitambulisho au hati? Walimwita kwa jina? Walichukua simu yake? Gari lilielekea wapi? Shahidi akisema hajui, andikeni "hajui". Usimsaidie kujua. Kiapo chenye "sikuona" mbili za kweli kina nguvu kuliko kilichojazwa kila kitu.

Basi likiwa limesimamishwa, chukueni namba ya basi, jina la kampuni, na tiketi za abiria walio tayari. Dereva na kondakta waulizwe kabla basi halijaondoka. Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya Chadema, alishushwa kwenye basi la kwenda Tanga tarehe 6 Septemba 2024, na mwili wake ukaokotwa Ununio, Dar es Salaam, siku iliyofuata. Kati ya matukio hayo mawili hapakuwa hata na siku mbili. Ndiyo maana nasema saa ya kwanza, si kesho yake.

Kamera za maduka, vituo vya mafuta na mizani hujifuta zenyewe baada ya muda. Nendeni usiku huo huo kumwomba mwenye duka asiifute, na kama anaogopa kuwapa nakala, aihifadhi tu. Mahakama inaweza kuiita baadaye.

Tangazo kwa umma litoke, na litoke mapema, lakini liwe na mliyoyaona peke yake: nani, wapi, saa ngapi, gari gani, tumeuliza kituo gani na tukajibiwa nini. Msiandike "Usalama wamemteka" kama hakuna aliyewatambua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawaadhibu wanaochapisha taarifa za uongo, na tangazo la kubahatisha huwageuza watafutaji kuwa washitakiwa.

Kituoni: msitoke bila namba

Nendeni watu wawili au watatu, mmoja wao ndugu wa damu au mwenzi, mwingine wakili akiwepo. Umati ubaki nje ya uzio. Kwenye kaunta semeni kwa heshima na kwa ufupi: "Afande, shikamoo. Tunamtafuta ndugu yetu, jina lake ni hili, amechukuliwa mahali fulani saa fulani na watu waliojitambulisha kuwa polisi. Tunaomba kujua kama yupo hapa, na kama hayupo tunaomba kufungua taarifa ya mtu aliyepotea."

Jibu lolote mtakalopewa ni ushahidi. Wakisema yupo, ulizeni kosa, nani mpelelezi, na lini atapelekwa mahakamani, kisha ombeni kumwona na kumpa chakula na dawa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa aliye chini ya ulinzi haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Wakisema hayupo, andikeni kwenye daftari jina la aliyejibu, cheo chake, namba yake ya utumishi kama inaonekana, na saa. Afisa aliyeandikwa kwamba saa 4 usiku alisema "hayupo", halafu kitabu cha mahabusu kikaja kuonyesha mtu aliingizwa saa 3, atapata kazi ngumu ya kuieleza mahakama nia yake njema.

Kisha daini RB. Msiridhike na "tumepokea, nendeni nyumbani". Taarifa iliyofunguliwa ina namba, na namba hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba polisi walijua kuanzia saa fulani. Kenya wanaita namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kazi ni ile ile. Kaunta ikikataa kabisa, msigombane. Andikeni barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), nakala kwa kamanda wa polisi wa mkoa (RPC), na nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ipelekeni asubuhi kwenye masjala, mkapigiwe mhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yenu. Barua yenye mhuri inafanya kazi ya RB iliyokataliwa.

Fanyeni hivyo kila kituo mnachokwenda. Inachosha, najua, hasa mama mzazi akiwa ndiye anayezungushwa. Mpeni kiti, maji na mtu wa kumshika mkono, lakini msimwache nje ya safari. Neno lake kwenye kiapo litakuwa na uzito kuliko la katibu.

Saa 24, na zinavyohesabiwa

Kenya jambo hili limeandikwa wazi katika ibara ya 49: mtu afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, si zaidi ya saa 24, na kama saa hizo zinaisha wakati mahakama imefungwa, basi siku ya kazi inayofuata. Tanzania hesabu ina mlango wa nyuma. Mtu akikamatwa bila hati kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, na ikaonekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kulichunguza jambo na kumpa dhamana, isipokuwa akiona kosa ni zito. Uhaini uko nje ya hesabu hii. Ndiyo sababu kosa linaloandikwa ni jambo la kuulizwa mapema: Tundu Lissu alikamatwa Mbinga Aprili 2025, akafunguliwa shitaka la uhaini, na shitaka hilo halina dhamana. Vivyo hivyo ugaidi, ambao Freeman Mbowe alishitakiwa nao 2021 na kukaa ndani hadi Machi 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoiondoa kesi.

Kwa hiyo msisubiri saa 24 ziishe ndipo mumpigie wakili. Saa ya 24 ndiyo wakati ambao maombi yawe yamekwisha kuchapwa.

Mahakama Kuu: kiapo ndicho kesi

Maombi ya kuitaka Serikali imlete mtu mahakamani na kueleza kwa nini inamshikilia, ambayo mawakili huyaita habeas corpus, hufunguliwa Mahakama Kuu chini ya hati ya dharura. Wajibu maombi, yaani wanaoshitakiwa, huwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, kamanda wa mkoa au kanda, mkuu wa kituo mnachokishuku, na Mwanasheria Mkuu. Kenya haki hii ni miongoni mwa zile nne ambazo ibara ya 25 imezuia zisipunguzwe kwa hali yoyote, na ibara ya 22 inaruhusu mtu mwingine kufungua shauri kwa niaba ya asiyeweza, bila ada ya kufungulia.

Tatizo la maombi haya Tanzania ni moja, na linajirudia. Polisi huapa, "Hatuna mtu huyo." Hapo mzigo unawarudia ninyi kuonyesha kwamba wanaye au walikuwa naye. Agosti 2024 kiongozi wa vijana wa Chadema Temeke, Deusdedith Soka, alipotoweka na wenzake wawili, maombi yalifika Mahakama Kuu Dar es Salaam upesi, na mwezi ule ule yakatupwa kwa kuwa mahakama haikuona ushahidi wa kutosha kwamba polisi ndio waliowashikilia. Sisemi mahakama ilikuwa sahihi. Moyo wangu unasema kwamba pale ambapo mtu amepotea, Serikali ndiyo inayopaswa kulazimishwa kumtafuta, na jaji ana uwezo wa kuiagiza. Lakini kesi inayofuata itapimwa kwa kipimo hicho hicho, kwa hiyo tujiandae nacho.

Hiki ni kiapo kitakachotupwa: "Mume wangu alitekwa na polisi na mpaka sasa hajulikani alipo."

Na hiki kinaweza kusimama: "Nilikuwa nimekaa barazani, hatua kama kumi kutoka barabarani, taa ya duka ikiwaka. Saa 1:40 usiku, yaani 19:40, ilisimama Land Cruiser nyeupe isiyo na namba mbele. Walishuka wanaume wanne. Mmoja, mrefu, aliyevaa fulana ya bluu, alikuwa na pingu mkononi. Alisema, 'Sisi ni polisi, twende kituoni.' Nilimuuliza kituo gani, akanitajia. Saa 3:05 usiku, yaani 21:05, nilifika kituo hicho na kumkuta askari wa kaunta, ambaye aliniambia hayupo. Gari lenye sifa hizo hizo lilikuwa limeegeshwa ndani ya uzio."

Kila mtu aape alichokiona mwenyewe. Mke asiape aliyoyaona muuza duka. Muuza duka aape mwenyewe. Kama muuza duka anaogopa, na ana haki ya kuogopa, mke aseme wazi kwamba habari hii ameipata kwa nani. Kiapo kinachochanganya aliyoyaona na aliyoyasikia huondolewa aya moja moja mpaka kinabaki kitupu.

Viambatisheni: nakala ya RB, barua yenye mhuri, picha ya mahali, kurasa za daftari, na kumbukumbu za simu alizopiga mara ya mwisho. Mwombeni pia wakili aiombe mahakama iagize kampuni ya simu itoe kumbukumbu za minara. Daftari la tawi haliwezi kueleza simu ilizimikia wapi, mnara unaweza.

Akipatikana yu hai

Wengi hutupwa usiku, mbali na nyumbani. Edgar Mwakabela, anayejulikana kama Sativa, alichukuliwa Dar es Salaam Juni 2024 akaja kuonekana Katavi, upande wa pili wa nchi. Abdul Nondo wa ACT-Wazalendo alichukuliwa stendi ya Magufuli Desemba 2024 akatupwa Coco Beach. Anayeokotwa hivyo anatetemeka, ana kiu, na jambo la kwanza watu wanalotaka ni kumpeleka mbele ya kamera. Mpelekeni hospitali.

Chukueni fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi kutibiwa, kituo cha polisi kilicho karibu, lakini akiwa na hali mbaya apokelewe kwanza na fomu ifuate. Kabla hajaoga wala kubadili nguo, apigwe picha: mwili mzima, kisha kila jeraha kwa karibu na rula au sarafu pembeni, vifundo vya mikono na miguu, nyayo. Nguo ziwekwe kwenye mifuko ya karatasi, si ya nailoni, maana unyevu huharibu damu. Daktari aombwe kuandika umbo, ukubwa na rangi ya kila jeraha na kama linalingana na maelezo ya mgonjwa. "Majeraha mengi mwilini" haitoshi. Picha zirudiwe baada ya siku mbili tatu, kwani michubuko mingine huchelewa kutokea.

Maelezo yake yachukuliwe na wakili, taratibu, kwa siku kadhaa. Mtu aliyeteswa hukumbuka kwa vipande: harufu ya chumba, sauti ya treni, adhana, jina la utani ambalo mmoja alimwita mwenzake. Vyote viandikwe. Msimlazimishe kupanga mfululizo. Na akiomba asizungumze kabisa, hiyo ni haki yake. Chama kisimfanye bango.

Akipatikana amefariki

Familia ndiyo inayoamua, na chama kinasaidia. Ila kuna mambo matatu ambayo lazima yasemwe kwa upole kabla ya maziko. Uchunguzi wa mwili ufanyike, na daktari wa familia awepo pamoja na yule wa Serikali. Ripoti iombwe kwa maandishi. Na mahakama iombwe ichunguze chanzo cha kifo chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, hasa kama alikuwa mikononi mwa polisi au gereza.

Najua uzito wa kuchelewesha maziko, na kwa Waislamu uzito huo ni mkubwa zaidi. Lakini tazameni yaliyotokea Nairobi Juni 2025. Mwalimu Albert Ojwang alifia kituo cha polisi cha Central baada ya kukamatwa Homa Bay. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari wakakuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, na maelezo ya ukuta yakaanguka palepale. Bila uchunguzi ule, ukuta ungebaki ndio muuaji. Kisumu vilevile: mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, alikufa Agosti 2017 baada ya polisi kuvamia nyumba yao usiku wa msako wa baada ya uchaguzi, na ni uchunguzi wa hakimu uliowaona maofisa wanawajibika mwaka 2019, na kufungua njia ya mashtaka miaka mitatu baadaye.

Mtajeni afisa, si jeshi

Shitaka linalosema "polisi walimpiga" humfunika aliyepiga ndani ya kundi. Kama daftari lenu lina jina, cheo, au hata maumbile, yaandikeni kwenye malalamiko. Kenya, Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 linamtaka askari mwenye sare aonyeshe jina au namba yake, na linasema amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Huko pia kuna IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Tanzania haina chombo cha aina hiyo. Tume ya Haki za Binadamu inaweza kuchunguza, na mapendekezo yake yana thamani kama kielelezo mahakamani hata Serikali isipoyafuata.

Kesi ya wakili Willie Kimani ndiyo inayonipa nguvu ya kuandika haya. Juni 23, 2016 alitoka mahakama ya Mavoko na mteja wake Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyekuwa amemlalamikia afisa wa polisi, pamoja na dereva wao Joseph Muiruri. Walishikiliwa kambi ya polisi ya Syokimau, na kutoka huko Kimani alirusha nje kipande cha karatasi ya chooni chenye ujumbe wa kuomba msaada. Mpita njia akakiokota. Miili yao ilipatikana mtoni. Februari 2023, afisa Fredrick Leliman alihukumiwa kifo, maofisa wawili wakapewa miaka 30 na 24, na mpashaji habari wao miaka 20. Naipinga adhabu ya kifo hata hapa. Lakini hakuna kinga ya nia njema iliyowaokoa, kwa sababu kulikuwa na karatasi, simu, mashahidi na majina.

Njia za nje ya nchi, na kalenda yake

Kinga ya afisa haiifuniki nchi. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, haimshitaki mtu. Inaiuliza nchi mwanachama kama imevunja Mkataba wa Jumuiya. Plaxeda Rugumba aliishitaki Rwanda huko kwa kumweka kaka yake, ofisa wa jeshi Rugigana Ngabo, kizuizini bila mawasiliano, na Desemba 2011 akashinda. James Katabazi na wenzake waliishinda Uganda mwaka 2007 baada ya askari kuizingira Mahakama Kuu ya Kampala na kuwakamata tena watuhumiwa waliopewa dhamana. Viongozi wa upinzani wa Tanzania wenyewe walishinda huko Machi 2022 dhidi ya marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa.

Sharti linaloua kesi huko ni muda: miezi miwili tangu tukio au tangu mlipolijua. Wahanga wa mateso ya Mlima Elgon, Kenya, walishinda hatua ya kwanza na wakashindwa kwenye rufaa mwaka 2012 kwa kuchelewa. Kesi ya Rugumba iliokolewa na hoja kwamba kizuizi kilikuwa bado kinaendelea, lakini msiitegemee. Andikeni tarehe ya mwisho kwenye jalada la daftari siku ile ile ya tukio, na mumpe wakili nakala angalau wiki tatu kabla yake. Msidhani kwamba kusubiri matokeo ya Mahakama Kuu ya nyumbani kunasimamisha saa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha, haipokei tena kesi mpya za watu binafsi wala asasi dhidi ya Tanzania, kwa kuwa Serikali iliondoa tamko lake la kuwaruhusu hao kuishitaki Novemba 2019 na likakoma mwaka mmoja baadaye. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, bado inapokea, ila inataka muwe mmemaliza njia za ndani au mwonyeshe kwamba hazifanyi kazi. Hapo ndipo barua zenu zenye mihuri zisizojibiwa zinapopata kazi ya pili.

Kwa aliyepotea na hajapatikana, kuna Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliotoweshwa. Familia, au chama kwa idhini yake, inajaza fomu, na nchi haihitaji kuwa imeridhia mkataba wowote maalumu. Tukio la chini ya miezi mitatu hushughulikiwa kama la dharura, na swali linafika Wizara ya Mambo ya Nje. Jazeni fomu hiyo wiki ya kwanza, kwa daftari lile lile, saa zile zile, majina yale yale, na nakala moja ya kila kitu ibaki kwa mtu aliye nje ya mkoa wenu.